Kengele Iliyoshushwa Mlimani

Mlima Lozère, kusini mwa Ufaransa, haujui kubisha hodi. Asubuhi unakuonyesha mgongo wake wote, mweupe na mtupu kama utosi wa padri, mpaka unaona aibu kuvaa koti zito. Mchana unainama kuokota kuni, ukiinuka mlima haupo. Pale ulipokuwa pamesimama ukuta wa kijivu, na ukuta wenyewe unatembea, na unakuja kwako.

Sidonie Rouvière alikuwa ameinama kuokota kuni. Alipoinuka na mzigo kifuani akatazama juu, gogo moja likamponyoka likamwangukia kidole cha mguu, wala hakulisikia. Ndani ya ukuta ule alikuwamo mumewe Privat, pamoja na wageni wanne aliowachukua asubuhi kuwapeleka kilele cha Finiels, wote wamejifunga miguuni viatu vya theluji vipana kama nyungo. Walitakiwa wawe wamesharudi kula. Chakula kilikuwa jikoni, na kati yake na wao palikuwa pamesimama ukuta.

Kilichomfika kwanza hakikuwa hofu bali hasira, maana mke wa mwongoza wageni huanza na hasira ndipo hofu ipate pa kukaa. Asubuhi alimwambia Privat kwamba upepo umegeuka. Privat akajibu kwamba anga limefuliwa na kuanikwa, akambusu shavu, akaondoka akipiga mluzi. Mwanamume anayepiga mluzi hasikii upepo.

Akaingia ndani mbio. Jikoni mwiko ulikuwa umesimama peke yake ndani ya sufuria, na mamamkwe hayupo. Koti lake halikuwapo msumarini. Sidonie hakuhitaji kuuliza. Upande huu wa mlima kuna jambo ambalo mtoto hulijua kabla hajajua sala: nyumba itakayouona mlima ukipotea ndiyo hukimbilia kamba ya kengele, bila kungoja ruhusa ya mtu. Na kweli, kabla hajaweka kuni chini, kengele ikaanza kulia. Ngo. Ngo. Ngo. Bi Ermance, mwenye umri wa kubebwa kwenye kiti, alikuwa ameshaifikia.

Kengele yenyewe si ya kanisa. Haina padri wala misa. Ni ya tufani ya theluji, na kazi yake ni hiyo tu. Juu kule hakuna mti, hakuna ua, hakuna kibanda. Ni nyasi fupi na mawe ya matale yaliyojilaza kama kondoo wasio na mwenyewe. Theluji ikianza kuvuma, mtu huzunguka akifuata kisigino chake mwenyewe mpaka achoke, akae, asinzie. Ukitaka kumwokoa huwezi kumpelekea taa wala sauti, unampelekea kengele. "Kengele usoni, tembea, kengele sikioni, simama ugeuke," ndivyo watoto wanavyofundishwa. Na ikishaanza kulia hainyamazi mpaka wote walio nje wahesabiwe, ndipo hupigwa mara tatu, polepole, kama mtu anayefunga mlango: wamefika, wamefika, wamefika. Kunyamaza bila yale mapigo matatu ni jambo lisilofanywa. Halina hata jina.

Basi Sidonie aliposikia kengele, mabega yakamshuka kwa nafuu. Alipiga simu mjini Florac kwa askari wa uokoaji. Sauti ya kijana mpole ikamweleza kwamba helikopta haiwezi hata kuinua mkia, ila watu wameshaondoka nyuma ya gari la kusukuma theluji, na njia ni mbaya, na awe mtulivu. Sidonie akamshukuru, akaenda kuushika mwiko, maana chakula kilikuwa aligo, viazi vilivyopondwa na jibini mbichi, na aligo haitaki uondoke. Usipoikoroga inakuwa simenti. Akakoroga, akivuta ule uji mzito juu hadi ufanye utepe, akijisemesha kwamba Privat ameupanda mlima ule tangu hajaota meno ya pili, kwamba ana kamba, ana chai ya moto, ana wageni wasio wajinga sana. Kengele ilikuwa inalia vizuri. Ilikuwa inalia kwa nguvu. Ilikuwa inalia kwa nguvu mno, hata glasi za rafuni zinagongana.

Mwiko ukasimama.

Kwa nini ilie karibu hivyo?

Ilikuwa karibu kwa sababu ilikuwa kwenye maegesho ya magari, ng'ambo ya barabara. Na ilikuwa kwenye maegesho kwa sababu yeye, Sidonie Rouvière, katibu wa kamati ya utalii, ndiye aliyesimama kwenye mkutano akataka iletwe hapo.

Tangu enzi za mababu wa mababu, kengele ile ilikaa Costeroche, kitongoji cha juu, pale mgongo wa mlima unapoishia. Lakini Costeroche ilikuwa imekwisha watu. Mzee wa mwisho aliyelala huko majira ya baridi alishahamia kwa bintiye katika mji wa Mende, ikabaki milango iliyofungwa na mnara mdogo wa mawe wenye kengele isiyotazamwa na mtu. Wageni wanaoteremka basi hapa Fontbrune hawakuwa tayari kupanda mlima kwa miguu kwenda kutazama kengele. Sidonie akasema, kwa ufasaha kabisa, kwamba historia isiyofikika ni sawa na historia isiyokuwapo. Watu wakapiga makofi. Mwezi wa kumi ikajengwa nguzo nzuri ya mbao kwenye maegesho, fupi, ili hata watoto waifikie kamba, na kengele ikashushwa. Wageni waliipiga wakacheka, wakapiga picha, wakanunua asali. Bi Ermance peke yake ndiye aliyenuna, akasema kengele ya tufani si punda wa kupandisha watoto. Wakamwambia, mama, zama zimebadilika. Akajibu kwamba zama zimebadilika lakini hajaona mlima ukihama.

Wahenga walishaonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini nani humkumbuka mhenga siku ya kuuza asali?

Sasa Sidonie alikuwa amesimama mbele ya sufuria, na ramani yote ya mlima ilikuwa imefunguka kichwani mwake. Ukiwa juu, kwenye lile jiwe refu la mpaka wanaloliita Jiwe la Askofu, ukiielekea Costeroche unashuka na mgongo wa mlima, taratibu, njia ambayo hata mlevi huimaliza. Ukiielekea Fontbrune unakata kulia. Na kati ya Jiwe la Askofu na Fontbrune pana korongo la Combelade, ambalo wakati wa baridi upepo hulitengenezea mdomo wa theluji uliotokeza nje, laini kama kitanda cha maharusi, na chini yake hakuna kitu.

Kengele usoni, tembea.

Alijaribu kujituliza. Privat anajua kwamba kengele imehama. Alikuwapo, aliibeba kwa mikono yake, alilalamika mgongo wiki nzima. Lakini juzi tu mezani, baada ya divai, alikuwa amewapa wageni ile hotuba yake ya miaka yote, neno kwa neno, jinsi kengele ya Costeroche inavyomrudisha nyumbani aliyepotea, na kwamba wakimpoteza wasipige kelele wala wasikae chini, waifuate kengele tu. Sidonie alimsikia kutoka jikoni akacheka, kwamba mume wangu ni santuri. Na lipo jingine, dogo tu. Kila mara watoto wa wageni walipoipiga kengele pale maegeshoni, Privat, awe anakata kuni au anakunywa kahawa, aligeuza kichwa kutazama juu, Costeroche. Masikio yalisikia mlio upande wa kulia. Shingo iligeuka kushoto. Shingo yake ilikuwa haijaambiwa; kwake, popote kengele inapolia ni Costeroche.

Na ndani ya tufani mtu hatembei kwa kichwa. Anatembea kwa shingo na miguu.

Sidonie aliondoka bila kuzima jiko.

Nje, theluji ilikuja ubavu kwa ubavu ikimchoma macho. Bi Ermance alikuwa amesimama chini ya nguzo, mdogo, mweusi, kitambaa cha kichwa kimeganda, akivuta kamba kwa mwendo wa mtu anayesukuma pampu ya kisima. Hakuonekana kuchoka. Sidonie alipomshika mkono, bibi aliendelea kuvuta na mkono wa mkaza mwana ukapanda na kushuka nao.

Sidonie akamwambia aache. Bi Ermance akamuuliza kama baridi imemwingia akilini. Sidonie akamweleza, akipiga kelele sikioni mwake, Jiwe la Askofu, kulia, Combelade. Bibi akasema Privat si mtoto, anajua kengele ilipo. Sidonie akamwambia kuhusu shingo.

Kamba ilisita kidogo, kisha ikaendelea.

"Kengele haizimwi mtu akiwa nje," Bi Ermance alisema. "Nilikuwa na kaka. Firmin. Aliyekuwa zamu aliacha kidogo tu, anywe supu. Supu, mkaza mwana. Tulimkuta mwezi wa nne, nyuma ya ukuta wa zizi, angeweza kuugusa mlango. Usiniambie niache."

"Mama, unamwita. Unamwita vizuri sana, na anakuja. Anakuja kupitia Combelade."

Hapo hapo akatokea Clovis, jirani, mfuga kondoo, mtu mnene anayefanya mzaha hata mazishini kwa kuwa siku moja radi ilimwulia nusu ya kundi akaona kulia hakurudishi kondoo. Alikuwa amekuja kupokea zamu ya kamba. Sidonie alimwelezea kwa maneno machache. Clovis akafungua kinywa aseme kitu cha kuchekesha, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakikutoka. Akatazama juu, akatazama kengele, akaenda kuileta trekta.

Maana hapakuwa na njia nyingine. Kuacha kengele inalia ni kumwita mtu korongoni. Kuinyamazisha ni kumwacha azunguke mpaka asinzie. Ililazimu irudi ilikotoka, na irudi sasa hivi.

Sidonie akaweka mikono yake miwili juu ya mikono ya mamamkwe. Hakuvuta. Alisema tu kwamba kengele hainyamazi, inahama, na kwamba hatapiga mapigo matatu, ili Privat akisikia kimya ajue si kimya cha kufika. Bi Ermance alimtazama. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeombwa amzike kaka yake mara ya pili. Kisha vidole vikafunguka, kimoja kimoja, kwa tabu, kwa kuwa vilikuwa vimegandia kambani.

Kengele ikanyamaza.

Clovis alipanda juu ya nguzo na spana. Nati alizikaza mwenyewe mwezi wa kumi, na sasa alijilaani kwa kila moja.

"Siku zote wewe huniambia kazi yangu ni ya ovyo ovyo," alinong'ona. "Leo ndiyo ningependa iwe ya ovyo ovyo, Sidonie, naapa."

Kengele iliposhuka waliipokea kwenye mikono ya mbele ya trekta, ile ya kuinulia marobota ya nyasi, wakaifunga kwa minyororo. Bi Ermance alitaka kupanda. Hapakuwa na mahali. Wakamwomba arudi ndani, akakataa, na trekta ilipoanza kuondoka Sidonie aligeuka akamwona bado amesimama chini ya nguzo tupu, mikono ikipanda na kushuka, ikivuta kamba isiyokuwapo.

Njia ya Costeroche ni ile wanayopandishia mifugo kiangazi. Clovis aliendesha kwa kukisia, kichwa nje ya dirisha, akifuata vigingi vya ua vilivyochungulia theluji. Sidonie alikaa mbele, juu ya chuma, ameikumbatia kengele kama mtu anayempeleka hospitali mgonjwa asiyejiweza. Ulimi wa kengele, kile chuma cha ndani kinachogonga, aliuviringishia shali yake yote na kuukamata kwa mikono miwili, kwa sababu kila trekta ilipoyumba ulitaka kupiga. Hilo ndilo lililomshughulisha kuliko baridi. Isilie hapa. Isilie pale. Kila mlio ungekuwa uongo mwingine, kengele inayotembea, mtu anayegeuka huku na huku kama mbwa anayefukuza mkia wake. Chuma kiliuma viganja hadi vikaacha kuuma, na vilipoacha akaogopa zaidi kwamba vimelegea bila yeye kujua.

Alihesabu makosa yake ili asihesabu dakika. Ile hotuba ya historia isiyofikika. Zile picha alizobandika kwenye mbao za matangazo. Yale makofi, jinsi alivyoyapenda. Kisha akamwona Privat, si kwa ubaya, ni kwa kawaida tu: anafika kwenye Jiwe la Askofu, anaweka mkono kwenye jiwe kama anavyofanya siku zote, anainua kidevu, anasikia, anatabasamu. Haya twendeni, nyumbani ni pale. Na wageni, watu wa mjini wanaotii, wanamfuata mmoja baada ya mwingine kwenye kile kitanda laini.

Trekta ilikwama mara moja. Clovis akarudi nyuma, akaitukana kwa jina la mama wa aliyeitengeneza, akasonga tena.

Costeroche ilitokea ghafla, ukuta mmoja, kisha mnara mdogo wenye tundu tupu juu yake kama jicho lililotolewa. Hapakuwa na muda wa kuirudisha kengele tunduni. Clovis akaisimamisha trekta ubavuni mwa mnara, akainua mikono ya chuma juu kabisa, na kengele ikaning'inia angani kwa minyororo yake, mahali pale pale ilipokaa tangu ijulikane. Sidonie akafungua shali kwa meno. Akafunga kamba kwenye ulimi. Akavuta.

Ngo.

Ilisikika ndogo. Ilisikika kama kijiko kwenye kikombe. Akavuta tena, na tena, akatafuta ule mwendo wa mamamkwe, mwendo wa pampu, usio na haraka, maana kengele ya haraka ni ya moto na kengele ya tufani lazima iwe na subira kuliko tufani yenyewe. Theluji ilimjaa mdomoni. Mwanga ulikuwa unafifia. Kijivu kilikuwa kinageuka buluu. Clovis akasimama kwenye kona ya ukuta akitazama pasipo kuonekana kitu, akipiga kelele kila baada ya muda, kisha akaacha, kwa kuwa sauti ilirudi kumpiga usoni.

Mkono wa kulia ukachoka, akabadili. Wa kushoto ukachoka. Akarudi wa kulia. Clovis akaja kumpokea, akamkatalia. Hakumkatalia kwa ushujaa. Aliogopa tu kwamba akiiachia ile kamba atabaki na mikono mitupu, na mtu mwenye mikono mitupu huanza kufikiri.

Ikafika mahali ambapo alijua. Mtu hujua. Muda ulikuwa umepita wa kushuka kutoka Jiwe la Askofu, ukapita na mwingine juu yake. Clovis alikuwa amegeuza mgongo, na mgongo wa mtu mnene, ukianza kuinama, ni habari. Sidonie aliendelea kuvuta. Alijiambia kwamba atavuta hadi askari wafike, kisha atavuta hadi asubuhi, kisha hadi mwezi wa nne.

"Nani huyo anapiga kama anakamua mbuzi?"

Sauti ilitoka upande wa ukuta wa zizi. Kisha ikatoka ncha ya fimbo, kisha ndevu zilizoganda zikawa barafu tupu, kisha Privat mzima, na nyuma yake, wamefungwa kwa kamba moja kama soseji, wageni. Clovis aliwahesabu kwa kuwagusa mmoja mmoja kifuani, kama anavyohesabu kondoo mlangoni, na hakumwamini mtu mpaka alipowagusa wote.

Privat alikuwa amechangamka kuliko wote, kama kawaida ya mtu asiyejua alipotoka. Akasema alijua tu kwamba mama angechoka, maana kengele ilikuwa ikilia vizuri, halafu kimya, na bila yale mapigo matatu. Akajisemea, mama amekwenda kunywa kitu. Basi wakajibanza nyuma ya mwamba wakanywa chai mpaka ilipoanza tena. Kisha akamgeukia mgeni wa kwanza kwenye kamba, Bi Vandamme, mwuza maua kutoka Lille, mwanamke mwembamba aliyekuwa amebaki na fimbo moja tu ya kutembelea, nyekundu.

"Umeona, madamu? Costeroche. Nilikwambia nini? Tumebishana, Sidonie, kwenye theluji, kama wachuuzi. Mimi nasema tukate kulia, kengele ile pale. Yeye kagoma kabisa, kachomeka fimbo chini, anasema kulia ni kwenye maegesho, eti kengele iko kwenye maegesho, kaipiga picha. Nikamwambia, madamu, kengele hii haijasogea tangu enzi za wafalme. Na tulipokuwa bado tunagombana ndiyo ikanyamaza. Ilipolia tena, ikalia upande huu. Upepo bwana, hucheza na masikio. Lakini mwisho wa yote, si hii hapa? Iko palepale..."

Aliinua mkono kuonyesha mnara.

Tundu la mnara lilikuwa tupu. Pembeni yake, kwenye mikono ya trekta iliyokuwa bado inanguruma, kengele ilining'inia kwa minyororo, na mkewe ameshika kamba yake, shali imeganda shingoni, viganja vinavuja damu.

Hakuna aliyemweleza. Sidonie alimwona akiitazama kengele, kisha trekta, kisha ule weusi walikotokea. Aliona mwezi wa kumi ukimrudia usoni, mzigo wa kengele ukirudi mgongoni mwake, na baada ya mzigo, lile neno kulia. Tabasamu lilibaki kidogo peke yake, halina mwenyewe. Kisha akakaa kwenye theluji kama mtoto.

"Kulia," alisema. "Nilikuwa nimewaambia kulia."

Bi Vandamme alisema kwa upole kwamba hata yeye hakuwa na uhakika. Alikuwa amechoka tu na hakutaka kupanda tena iwapo mwongozaji amekosea. Clovis akapata sauti yake, akasema kwamba ndiyo maana yeye huwapenda wanawake wabishi, ila kwa mbali.

Sidonie alikuwa bado anavuta. Hakuwa amegundua. Privat akainuka kwa kuushika ukuta, akaja, akaweka mikono yake juu ya ile ya mkewe, jinsi Sidonie alivyoweka yake juu ya ile ya Bi Ermance. Pamoja wakaisimamisha kamba. Kisha Privat akapiga mwenyewe, na pigo la pili likatoka dhaifu.

Ngo.

Ngo.

Ngo.

Huko chini Fontbrune, walivyosimuliwa baadaye na askari waliokuwa ndiyo kwanza wanafika, bibi mmoja mweusi kwa koti na mweupe kwa theluji alisimama kwenye maegesho, chini ya nguzo isiyo na kitu, mikono ikipanda na kushuka, na hakuna aliyeweza kumwingiza ndani. Pigo la tatu lilipoisha, mikono ikashuka yenyewe. Akawaambia vijana wale wajifute miguu kabla ya kuingia.

Aligo ilikuwa imeungua. Ilikuwa imeshika sufuria kama simenti, na nyumba nzima ilinuka. Bi Ermance aliikwangua akawapa wageni ile ya juu, na mwanawe akampa ile iliyoungua, akasimama mbele yake mpaka aimalize. Kisha, bila kumtazama Sidonie, akamfunga viganja kwa kitambaa na mafuta ya kondoo, akakaza kuliko ilivyohitajika.

"Supu ipo," alisema. "Leo inaruhusiwa."

Kulipokucha anga lilikuwa limefuliwa na kuanikwa. Mlima umerudi, hauna habari, mgongo wote nje. Sidonie alifungua madirisha ya jikoni aitoe harufu, na ndipo alipoiona. Kule juu, kwenye ukingo wa Combelade, pale mdomo wa theluji unapoanza kutokeza nje, ilikuwa imesimama fimbo nyekundu. Ilionekana vizuri kutoka jikoni, kutoka kwa Clovis, kutoka kwenye maegesho. Mbele yake hapakuwa na kitu cha kuweka hata mguu mmoja.

Privat alikuja akasimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. Wakaitazama mpaka kahawa ikapoa. Ng'ambo, kwenye ile nguzo fupi ya mbao, mtoto wa mgeni mmoja alikuwa akitafuta kamba, anamwuliza mama yake kengele imekwenda wapi.

Privat aligeuza kichwa, akatazama kushoto, juu, Costeroche. Safari hii shingo ilikuwa sahihi.